Ufa Nilioufunika kwa Masizi

Mafuta ya taa yakikutana na kutu hutoa harufu ambayo sijui niilinganishe na nini. Ni kali puani, lakini chini ya ukali huo kuna kitu kama damu, kama mtu anapolamba ufunguo. Wengi wakiinusa hufikiria gari bovu au karakana. Mimi vidole vyangu hupoa. Hupoa kweli, hata ikiwa mchana na jua limewaka, na hunichukua muda kujikumbusha kwamba sina tena miaka kumi na mmoja na kwamba hakuna mtu aliye hatarini. Ningependa kukueleza kwa nini, na nitaeleza polepole, kwa sababu kisa chenyewe ni cha chuma, na chuma kina tabia zake ambazo mtu asipozijua hataelewa nilichokuwa nakiogopa. Usiwe na wasiwasi kama hujawahi kushika nyundo. Yote ninayoyajua nilifundishwa nikiwa mdogo kuliko wewe.

Tulikaa nje kidogo ya mji wa Sumbawanga, upande wa barabara inayokwenda kuteremka Muze, mahali ambapo upepo wa mwezi wa sita na wa saba haukuzuiwa na kitu. Mahindi yalikuwa yameshaingia ghalani, ulezi umeshapurwa, na mashamba yamebaki matuta makavu yenye rangi ya ngozi ya ng'ombe. Asubuhi ukungu ulikaa mpaka jua likapanda sana, na sisi watoto tulitembea tumejifunga mashuka mabegani kama wazee. Baba yangu alikuwa fundi wa vyuma. Watu walimwita Baba Skola, kwa jina langu, na mimi niliona fahari kwamba kila plau iliyonyooshwa na kila tela la ng'ombe lililotengenezwa vilipita chini ya jina langu. Karakana yake ilikuwa banda la matofali na mabati lililoegemea nyumba yetu, na tangu nilipojua kutembea niliingia humo kama ninavyoingia jikoni. Nilimvutia mivukuto, nilimchambulia misumari iliyopinda, na alipokuwa na nafasi alinifundisha.

Jambo la kwanza alilonifundisha ni kwamba chuma husema. Chukua kipande kizima, kining'inize au kiweke mahali pasipokibana, kisha kigonge kwa nyundo ndogo. Kitalia, na mlio utaendelea hata baada ya nyundo kuondoka, ngiiii, ukipungua taratibu. Sasa gonga kilichopasuka. Kitasema ko, na kunyamaza. Hata kama macho yako hayaoni kitu, sikio limekwisha kukwambia. Pale sauti ilipomtia shaka, na pale tu, Baba alileta kipimo cha pili. Alipaka mafuta ya taa juu ya chuma, akayaacha kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, akafuta kwa kitambaa mpaka pakauka kabisa, kisha akapaka unga wa chaki. Mafuta yaliyokuwa yamejificha ndani ya ufa hutambaa kurudi nje, na juu ya weupe wa chaki hujichora mstari wa unyevu, mwembamba kama unywele. Mara ya kwanza nilipouona mstari huo ukijichora wenyewe nilipiga kelele, na Baba akacheka mpaka akakaa chini.

Mwaka huo, mwanzoni mwa majira ya baridi, Baba alitengeneza milango ya parokia moja jirani, na kwa malipo akaruhusiwa kuchukua kitu kilichokuwa kimelala miaka mingi nyuma ya banda la useremala, kimefunikwa na magugu. Kilikuwa presi ya mkono. Fikiria fremu ya mlango usio na ubao, kimo chake kama cha mtu mzima, lakini fremu yenyewe nene kama paja na imetengenezwa kwa chuma cha kumiminwa katika kalibu. Juu, katikati ya upinde, kuna nati kubwa ya shaba, na ndani ya nati inapita skrubu nene kama mkono wa fundi. Kichwani mwa skrubu unapitishwa mtaimbo, watu wawili wanaushika kila mmoja upande wake na kuuzungusha, na skrubu inashuka kidogo kidogo ikisukuma kile kilichowekwa kwenye meza ya chini. Basi. Haina injini wala umeme. Lakini beringi iliyong'ang'ania ekseli, ambayo Baba alikuwa akihangaika nayo siku nzima kwa tindo na nyundo na mara nyingi kuivunja, presi ingeisukuma nje taratibu, imenyooka, ikiwa nzima. Alipoiona imeshushwa uani kwetu, ikiwa na kutu nyekundu na vinyesi vya kuku, alivua kofia kama mtu aliyeingia kanisani.

Bibi, mama yake Baba, hakuvua kitu. Alisimama kwenye kizingiti cha jikoni akaitazama presi ile, kisha akanitazama mimi. Ukoo wa marehemu babu ulikuwa wa wayeyusha chuma, wale waliojenga malungu, matanuru ya udongo marefu kuliko mtu ambayo magofu yake ungeweza kuyakuta mashambani huku Ufipa. Moja lilikuwa kwenye njia yetu ya kwenda kisimani. Ubavu mmoja ulikuwa umeanguka, na upepo ulipopita kwenye matundu ya chini lilitoa sauti ya mtu anayepuliza chupa, kwa hiyo sisi watoto tulipita hapo mbio. Bibi alisimulia kwamba wakati wa kuyeyusha, tanuru lilikuwa kama bibi arusi, na wanaume walikaa nalo huko, mbali na wake zao, mpaka kazi iishe. Mwanamke au msichana akikaribia kabla ya wakati, chuma kilitoka kikavu. Ndivyo alivyosema, kikavu, kama ugali wa juzi, unakishika kinakatika mkononi. Sijui kama kila ukoo ulishika mwiko huo kwa namna hiyo. Kwetu sheria ilikuwa ya Bibi, na hilo lilitosha.

"Mama, hii haizaliwi," Baba alimwambia. "Ilishazaliwa Ulaya zamani. Mimi naisafisha tu."

"Imekufa au haijafa?"

"Imeharibika."

"Basi unaifufua. Kufufuka si kuzaliwa?" Bibi aliingia jikoni, akatoka na kibuyu cha majivu, na akamwaga mstari mlangoni pa karakana kutoka ukuta mpaka ukuta. "Skola asivuke hapa mpaka kitu chenu kifanye kazi ya kwanza. Wala mama yake. Wala mimi."

Nilimtazama Baba nikitegemea atacheka. Hakucheka. Hakuamini sana, nafikiri, lakini alikuwa mtoto wa kwanza wa mama yake, na alikuwa ameitaka presi ile kiasi kwamba hakutaka kuiudhi hata kwa jambo asiloliamini. Aliniambia kwa upole nivumilie wiki chache. Kwa hiyo majira yale niliyaishi nimekaa kwenye gogo upande wa pili wa mstari wa majivu, nikitazama kazi ambayo wakati mwingine wowote ningekuwa nimeitia mikono.

Baba mdogo Deo, mdogo wake Baba, ndiye aliyekuwa msaidizi. Deo alikuwa mtu wa maneno. Alipiga mluzi, aliimba, alizungumza na kutu. Walisugua kwa brashi ya waya mpaka uani pote pakawa na vumbi jekundu na chai yetu ikawa na ladha ya msumari. Skrubu ilikuwa imeshikana na nati kama vile imemea humo, na Baba hakuilazimisha. Kila asubuhi aliimwagia mafuta ya taa na oili chafu, akaigonga kidogo kuizunguka, akaiacha. Jioni aliijaribu, ikakataa, akasema haya, kesho. Kazi ya kufufua kitu cha zamani ni hiyo kwa sehemu kubwa, kurudi kesho bila hasira. Siku ya tisa au ya kumi skrubu ililia kwa sauti nyembamba iliyonisimamisha nywele, ikasogea upana wa kucha, na Deo akapiga vigelegele kama mwanamke kwenye harusi. "Sogea Bibi nicheze," alisema, "bibi arusi amekubali!" Bibi hakupenda mzaha huo.

Skrubu ilipotoka, Baba aliigonga fremu kuipima. Nilikuwa nimekaa kwenye gogo langu. Aligonga nguzo ya kushoto, nikasikia ngiiii, mlio mzuri mzito kama wa kengele ya kanisa iliyo mbali. Akagonga nguzo ya kulia, karibu na bega, pale nguzo inapojipinda kuwa upinde. Nikasikia ko. Deo alikuwa akipiga mluzi na hakusikia chochote. Baba aliweka kiganja juu ya chuma, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema, "Nzima." Nilifikiri nimesikia vibaya. Nilifikiri pengine imegusana na ukuta. Baba hakuwahi kukosea sauti.

Lakini kulikuwa na mambo ambayo nyumbani kwetu tuliyaona bila kuyataja. Mama alikuwa ameanza kumwita Baba mara tatu, na mara ya tatu alikwenda kumsimamia mbele. Kanisani Baba alipiga magoti akiwa amechelewa kidogo, baada ya kuona wengine wamepiga. Miaka ishirini ya nyundo juu ya fuawe ilikuwa imefanya kazi yake masikioni mwake. Hakuna aliyesema. Fundi wa vyuma asiyesikia ni kama mpishi asiye na ulimi, na naamini sote, kila mtu kivyake, tulikuwa tukisubiri mwingine aseme kwanza.

Jumapili moja niliachwa nyumbani kwa sababu ya mafua. Wote walikwenda misa. Nilikaa kwenye gogo kwa muda, kisha nikaruka mstari wa majivu kwa miguu yote miwili, nikihakikisha sikuugusa. Ndani palikuwa na baridi. Presi ilisimama katikati, imesuguliwa, ya kijivu, na kwa mara ya kwanza niliona ilivyokuwa kubwa. Nilichukua nyundo ndogo ya Baba. Nguzo ya kushoto ikalia. Nguzo ya kulia ikasema ko. Nikagonga tena, kwa nguvu zaidi, kwa sababu nilitaka ibadilishe maneno. Ko. Nikapaka mafuta ya taa kwenye bega lile, nikangoja, nikafuta kwa upindo wa gauni, nikapaka chaki niliyokuwa nayo kwenye mfuko wa shule. Kisha nikatazama. Kwa muda hakukuwa na kitu. Halafu mstari ukaanza kujichora kwenye kona ya ndani, ukapanda polepole, ukasimama ulipofika urefu wa kidole changu cha shahada.

Mtu mzima anayesoma hapa anajua kilichotokea: nilikuwa nimegundua ufa. Mimi sikujua hivyo. Nilijua kwamba nilivuka mahali nilipokatazwa, nikaigonga kwa nyundo, na sasa ilikuwa imepasuka. Chuma kimetoka kikavu. Sauti ya ko niliyoisikia siku zilizopita nikiwa nje ya mstari ilitoka kichwani mwangu kabisa, kama vile haikuwahi kuwepo. Hofu hufanya hivyo, huchagua ushahidi wa kukutia hatiani na kutupa mwingine. Karibu na mlango kulikuwa na kopo la masizi yaliyochanganywa na mafuta ya alizeti, dawa ambayo Baba aliiandaa ili aipake presi nzima isishike kutu tena. Nilifuta chaki, nikachovya kitambaa, nikalipaka bega lile mpaka ufa ukazama katika weusi. Nilipomaliza nilijipangusa mikono kwa majani ya mgomba mpaka ngozi ikawasha.

Waliporudi Baba aliona. "Nani ameanza kupaka huku juu?"

"Labda mimi," alijibu Deo kwa sauti kubwa, maana alikuwa amezoea kumpigia Baba kelele bila kujua kwa nini. "Kaka, mimi nikilala mikono yangu inaendelea na kazi."

Baba alicheka, akachukua kitambaa, akaanza kupaka palipobaki. Nilimtazama akifunika fremu yote, kipande kwa kipande, mpaka hakukuwa na tofauti kati ya pale nilipopaka mimi na pale alipopaka yeye.

Siku zilizofuata ziliniondolea hamu ya kula. Nilikuwa najua kitu kimoja zaidi, ambacho Baba alinieleza zamani na kwa furaha, kama anavyoeleza kila kitu. Chuma cha kufuliwa kikizidiwa hupinda, kinakupa nafasi ya kukimbia. Chuma cha kumiminwa hakipindi. Kimekaa kimya, kimekaa kimya, kisha kinakatika kama sahani na vipande vinaruka. Na presi ikisukuma kitu kuelekea chini, fremu yenyewe inavutwa kuelekea juu, nguzo zote mbili zinanyooshwa kama kamba. Kadiri mnavyokaza mtaimbo ndivyo ufa unavyofunguliwa. Na Baba, nilijua, angekuwa ameinama mbele yake, uso karibu na meza, akitazama kama kazi imesimama wima. Nilifumba macho darasani nikaona uso huo. Jumamosi nilipanga foleni ya kitubio. Nilikuwa nimeyapanga maneno yote, lakini nilipopiga magoti pale kwenye tundu lenye wavu nikasema nimeiba sukari. Padri akanipa Salamu Maria tatu. Nilizisali, nikaona hazikufika popote, kwa kuwa hata sukari yenyewe sikuwa nimeiba.

Kazi ya kwanza ililetwa na Mzee Masanja, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia bonde la Rukwa na ng'ombe wengi na watoto wengi. Alipanda kutoka Milepa na gurudumu la tela lake, beringi imegandamana ndani ya kitovu cha gurudumu kiasi kwamba haikutofautishwa tena na chuma kingine. Nilimwamkia, akaitikia marahaba huku akimtazama Bibi aliyekuwa amekaa juani akichambua maharage.

"Mama, nimefika tena Ufipa," alisema, kwa ule utani wa kale kwamba sisi Wafipa ni wachawi. "Nikirudi kwangu naongea na kuku, wanangu watajua ni nyinyi."

"Wewe si unaongea na ng'ombe siku zote?" Bibi alimjibu bila kuinua kichwa. "Kuku tutakuwa tumekupunguzia ukubwa."

Walicheka wote. Baba alikuwa na furaha kama mtu mwenye siku yake. Aliweka gurudumu kwenye meza ya presi, akasimamisha kipande cha chuma cha mviringo juu ya beringi, akashusha skrubu mpaka ikagusa. Deo akashika upande mmoja wa mtaimbo, Masanja akashika mwingine. Baba akapiga goti moja, akainamisha kichwa, akafumba jicho la kushoto. "Haya. Taratibu."

Mtaimbo ulizunguka robo. Presi ikatoa mlio mdogo, tik, kama tawi linalopasuka ndani ya moto. Nilisimama kwenye gogo. "Baba!" Mtaimbo ukazunguka tena. Tik. "Baba, acha!"

"Skola, ugali hautoroki," Deo alisema akihema. "Mwambie mama yako tunakuja."

"Kwenu mtoto ndiye anayemwita baba kula?" Masanja akauliza, naye akiwa ameng'ang'ania mtaimbo.

Niliita mara ya tatu kwa sauti iliyonikwaruza koo. Mgongo wa Baba haukutikisika hata kidogo. Hapo ndipo nilipoelewa, kwa mara ya kwanza na kwa ukamilifu, kwamba hasikii. Si kwamba hanisikilizi. Ningeweza kusimama pale nikapiga kelele mpaka fremu ikatike na angekufa bila kujua kwamba nilimwita. Bibi alikuwa ameinua kichwa na ananitazama. Nilikanyaga katikati ya majivu, sikuruka, sikukwepa, nikakimbia, nikamshika bega kwa mikono yote miwili na kumvuta nyuma.

Aligeuka na uso wa hasira ambao sikuwahi kuuona. Deo na Masanja wakaacha mtaimbo. Nikasema, kwa sauti ndogo, kwa sababu aibu ilinirudia, "Ina ufa. Nimeipasua mimi."

"Unasemaje?"

"Nimeipasua mimi."

Alitazama midomo yangu, akakunja uso. "Sema kwa nguvu."

Ikabidi nipige kelele. Kosa nililoshindwa kulinong'ona mbele ya padri nililipigia kelele pale karakanani, Bibi akisikia, mgeni akisikia, na Mama akitoka jikoni na mwiko mkononi. Nilisema nilivuka, niligonga, niliona, nilifunika. Baba hakunipiga. Alimwambia Deo alegeze skrubu, kisha akachukua kitambaa na mafuta ya taa, akafuta masizi kwenye bega la presi mpaka chuma kikaonekana, akapaka mafuta, na sote tukangoja. Ni muda wa kikombe kimoja cha chai, nimeshakwambia. Sijawahi kungoja tena kwa muda mrefu namna ile. Alipofuta na kupaka chaki, mstari ulijichora kutoka kona ya ndani, ukapita pale ulipoishia Jumapili ile, ukaendelea, ukalizunguka bega mpaka upande wa nje. Ulikuwa umebaki upana wa vidole viwili ufike mwisho. Masanja alirudi nyuma hatua mbili na hakuwa na utani tena. Deo alikaa chini kwenye vumbi.

Baba alichukua tindo nyembamba akabandua kipande kidogo mahali ufa ulipoanzia, akanionyesha kwenye kiganja. "Tazama ndani. Ufa mpya unang'aa kama chumvi. Huu una rangi gani?" Ulikuwa wa kahawia, mweusi karibu, kutu ya miaka mingi. Akanionyesha kule ulikoishia, ambako paling'aa kidogo. "Hapa ndipo tulipoupasua sisi leo, sisi wanaume watatu. Huku kwingine ulikuwepo kabla hujazaliwa." Alipeleka kile kipande kwa Bibi pia. Bibi alikitazama upande huu na huu, akasema kutu inaweza kuja kwa siku moja ikitaka, akarudi kwenye maharage yake. Mpaka anafariki hakukubali. Lakini hakumwaga majivu tena, na jioni hiyo alinipakulia yeye mwenyewe, nyama mbili.

Mgeni alipoondoka, Baba aliniita ndani ya karakana. Alichukua nyundo ndogo, akagonga nguzo ya kushoto. "Inasemaje?" Nikamwambia inalia. Akagonga ya kulia. "Na hii?" Nikamwambia inasema ko. Akaweka nyundo chini, akakaa kwenye ndoo. Aliniambia kwamba tangu masika vyuma vyote vilikuwa vinasema neno moja kwake, na kwamba aliogopa kumwambia mtu yeyote, maana nani angemletea kazi tena? Alikuwa ameogopa siku zile zile ambazo mimi niliogopa, hatua chache kutoka gogo langu. Kila mmoja wetu alikuwa amekilinda kimya chake, na vile vimya viwili vilikuwa vimebakiza upana wa vidole viwili.

Presi haikutupwa. Alitoboa tundu mwishoni mwa ufa ili usiendelee, jambo ambalo linafanya kazi hata kwenye sufuria, na akapitisha vyuma viwili virefu kutoka juu ya upinde mpaka chini ya meza, vikakazwa kwa nati, ili mvuto wote ubebwe na hivyo na si na nguzo. Mbele aliweka ubao mnene wa kumkinga anayetazama. Na kabla ya kila kazi mimi niligonga vyuma vile viwili, nikasikiliza, nikamwinulia mkono kwamba ni salama. Sikuwahi kuinua mkono ule kabla ya kugonga mara ya pili. Kazi ya gurudumu la Masanja ilikwisha wiki iliyofuata, beringi ikiwa nzima.

Leo ninafundisha ufundi katika chuo, mbali na Sumbawanga, na presi ninayoitumia ina pampu ya mafuta, mshale unaoonyesha mzigo, na wavu wa chuma mbele. Nusu ya darasa langu ni wasichana na hakuna aliyewamwagia kitu mlangoni. Nafurahi. Ninawaambia siku ya kwanza kwamba atakayevunja kitu na kusema hatapata adhabu, na najua kwa nyuso zao kwamba wachache wananiamini, kwa hiyo nasema tena wiki inayofuata, na inayofuata. Nyumbani kwetu lami imefika, na vijana wanaleta pikipiki za magurudumu matatu badala ya matela ya ng'ombe. Baba yu hai. Hasikii kitu chochote sasa. Nikienda likizo namkuta karakanani mgongo ukiwa mlangoni, na kupiga hodi ni kazi bure. Nangoja aweke chini alichoshika, kisha namgusa bega. Kabla hajageuka huwa kuna nafasi ndogo, ndogo sana, na ndani ya nafasi hiyo mimi si mwalimu wala si mtu mzima. Kisha anageuka, anauona uso wangu, na kwa sauti kubwa kupita kiasi ya watu wasiojisikia ananiuliza swali lile lile la kila mwaka, tangu siku ile ya presi: "Umesikia nini?"

"Sijasikia kitu, Baba," namwambia polepole, ili asome midomo. "Shikamoo."